Mstari ukishuka, uliza nani kaushusha

Haya ndo niliyoongea Jumamosi pale ukumbini Buguruni, Dar es Salaam, nimeyaandika kwasababu wengi walikosa nafasi ya kukaa wakaomba, na waliokuwepo wakasema kuna sehemu nilikimbia sana. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni, nimeongeza tu pale muda ulipotubana.

Shikamooni wazee wangu. Wenyeviti wa mitaa, wajumbe wa mashina, mama zangu mliokuja na biashara mmeziacha kwa watoto, asanteni sana. Vijana, habari za asubuhi. Mimi kazi yangu ni takwimu za kaya, yaani ni wale watu wanaogonga mlango na kishikwambi wanauliza mnapikia nini, maji mnachota wapi, choo kikoje, mtoto alikula mara ngapi jana. Kwa hiyo nikitaja namba hapa mjue naongea nikijua inapozaliwa, kuanzia pale mama anapojibu huku anachambua mchele mpaka inapoonekana kwenye chati ya rangi rangi huko juu kwenye mikutano.

Nimeombwa niongelee mazingira na matumaini, na kuna makundi mawili nayasikia sana hapa mjini nataka niongee nayo yote. Kundi la kwanza ni vijana wanaosema mazingira ni mambo ya semina na tisheti, watu wanapanda mti wanapiga picha wanaondoka mti unakauka, hakuna kitu kimewahi kubadilika na hakuna kitakachobadilika. Kundi la pili ni lile linalosambaza zile grafu nzuri kwenye simu, dunia inaendelea vizuri, teknolojia inakuja, acheni kulialia. Kundi la kwanza namba linazikataa, la pili linazipenda sana, na mimi nadhani wote hawajazisoma mpaka mwisho.

Nianze na zile nzuri, kwasababu ni za kweli na nataka mzijue.

Wazee hapa mnakumbuka magari ya zamani yalikuwa yanatembelea petroli yenye madini ya risasi. Ule moshi ulikuwa unaingia kwenye damu ya watoto unagusa ubongo, mtoto anakuwa mzito darasani na mzazi hajui kwanini, na kuna wataalamu walionya kwamba ni sumu tangu miaka ya 1920 ilipoanza kuchanganywa lakini iliendelea kuuzwa dunia nzima. Mwaka 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar, Senegal, zikakubaliana iondoke, na mpaka mwanzoni mwa 2006 ikawa imeondoka. Nchi ya mwisho kabisa duniani kuacha ilikuwa Algeria, Julai 2021. UNEP, lile shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa ambalo makao yake yapo Nairobi hapo jirani, linakadiria kwamba kuondoka kwa hiyo petroli kunazuia vifo zaidi ya milioni 1.2 vya kabla ya wakati kila mwaka. Mtoto anayevuka Barabara ya Mandela leo anavuta vumbi na moshi wa malori, sikatai, ila ile risasi ya kwenye petroli haivuti tena na hakuna aliyemwambia kwamba kuna watu walimpigania kabla hajazaliwa. (Risasi bado ipo kwenye betri kuukuu zinazovunjwa mitaani na kwenye baadhi ya rangi za nyumba, hilo tuna kazi nalo.)

Ya pili ni tabaka la ozoni. Kuna gesi zilikuwa kwenye friji, kwenye AC, kwenye makopo ya kupulizia, zikipanda juu zinalila lile tabaka linalotukinga na miale mikali ya jua. Wanasayansi wawili, Molina na Rowland, walionya 1974. Mwaka 1985 likaripotiwa tundu juu ya Antaktika, na mwaka 1987 nchi zikasaini mkataba Montreal kule Kanada, na leo karibu asilimia 99 ya zile gesi zilizopigwa marufuku zimeondolewa. Tathmini iliyotolewa na Umoja wa Mataifa Januari 2023 inasema sehemu kubwa ya dunia tabaka litarudi lilivyokuwa 1980 ifikapo kama 2040, na kule Antaktika kama 2066. Yaani vijana wenye miaka ishirini humu ndani mtakuwa wazee wa rika la hawa babu zetu wa mbele pale tundu litakapopona.

Na ya tatu ndo naipenda kuliko zote. Mwaka 1970 kimbunga kilipiga Bangladesh, wakati ule ilikuwa inaitwa Pakistan ya Mashariki, kikaua watu wasiopungua laki tatu. Laki tatu kwa kimbunga kimoja. Mei 2020 kimbunga Amphan, kikubwa pia, kikapiga eneo lile lile la Ghuba ya Bengal, na waliokufa Bangladesh ni makumi. Na siyo Bangladesh tu, Shirika la Hali ya Hewa Duniani linasema vifo vinavyotokana na hali ya hewa, maji na tabianchi vilikuwa zaidi ya elfu hamsini kwa mwaka kwenye miaka ya sabini, miaka ya 2010 vikawa chini ya elfu ishirini, na hapo idadi ya watu duniani imekuwa karibu mara mbili na majanga yenyewe yaliyoripotiwa yameongezeka.

Ningeweza kuendelea, paneli za sola bei imeshuka kwa karibu asilimia 90 kati ya 2010 na 2020, Uingereza ambayo ndo ilianza kuuza umeme wa makaa ya mawe mwaka 1882 ilizima mtambo wake wa mwisho wa makaa tarehe 30 Septemba 2024. Hapa kwetu tembo waliuawa mpaka kati ya 2009 na 2014 tukapoteza asilimia kama 60, kutoka laki na kitu hadi elfu 43, na sasa wameongezeka tena. Kijana anayeniambia hakuna kilichowahi kubadilika namwambia mdogo wangu hiyo si kweli, na inaniuma kuisikia kwasababu mtu akishaamini hivyo hata kikao cha mtaa haendi.

Sasa twende kwa hawa wa grafu nzuri.

Kila mstari niliotaja hapa ulikuwa unapanda, ukafika mahali ukageuka, na grafu haikuonyeshi pale kwenye kona palikuwa na nini. Inakuonyesha mstari tu, kama vile umechoka wenyewe ukaamua kushuka. Nenda kwenye ile kona uangalie. Kwenye petroli kuna mawaziri waliosaini, viwanda vya kusafisha mafuta vilivyolazimishwa kubadili mitambo, waagizaji walioambiwa meli yenye risasi haishushi. Kwenye ozoni kuna kampuni zilizopinga kwa miaka, na kuna mfuko ambao nchi tajiri zilikubali kuchangia ili nchi kama yetu zibadilishe friji zao bila kuumia, na huo mfuko watu wanausahau sana wakati bila huo sidhani kama dunia nzima ingesaini. Kwenye Bangladesh kuna majengo ya kukimbilia yaliyojengwa moja moja kwa miaka hamsini, kuna watu wa kujitolea makumi ya maelfu wenye vipaza sauti na bendera wanaopita nyumba kwa nyumba, na nusu yao siku hizi ni wanawake, kwasababu zamani mwanamke alikuwa hatoki ndani kumfuata mwanaume asiyemjua hata maji yakiwa magotini.

Kwa hiyo ukiniletea grafu inayoshuka ukaniambia "unaona, mambo yanajiweka sawa", nitakuuliza nani kaushusha huo mstari, nani alilipia, na je, hao watu bado wapo kazini? Kwasababu wakiondoka unapanda. Septemba 2023 kule Derna, Libya, mabwawa mawili yalipasuka usiku mmoja, maelfu ya watu wakachukuliwa na maji mpaka baharini. Mvua ilikuwa kubwa sana, ndio, ila yale mabwawa yalikuwa yanahitaji matengenezo na ilikuwa inajulikana. Mstari wa dunia nzima ulikuwa unashuka vizuri tu, na mtu wa Derna haukumsaidia kitu.

Na kuna swali lingine, nani alikuwa anapima. Lile tundu la ozoni liligunduliwa na wapimaji Waingereza kwenye kituo kinaitwa Halley, kwenye barafu, walikuwa wanapima ozoni kutoka chini tangu miaka ya hamsini, mwaka baada ya mwaka, namba ile ile, hakuna aliyekuwa anawasikiliza wala hakuna habari ndani yake. Kazi ya kuchosha. Ila namba ilipoanza kuanguka walikuwa na miaka karibu thelathini ya kulinganishia. Wasingekuwepo tungejua tumechelewa.

Hapo sasa ndo nije nyumbani, nije kwenye kazi yangu mwenyewe.

Tunaambiwa Watanzania wanahama kutoka kuni na mkaa kwenda nishati safi. Mei 2024 Rais Samia alizindua mkakati wa miaka kumi, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na mwezi ule ule akaenda Paris kuwa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa nishati safi ya kupikia Afrika ambao uliahidiwa dola bilioni 2.2. Mimi hili naliunga mkono kwa moyo wote, nimeingia jikoni kwa watu nimetoka macho yanatiririka na mwenye jiko yupo humo asubuhi na jioni, ana mtoto mgongoni, anavuta ule moshi na mtoto anavuta. Serikali yenyewe inataja vifo kama elfu 33 kwa mwaka vinavyotokana na moshi wa jikoni.

Lakini niwaambie inavyopimwa. Dodoso nyingi zina swali moja, "nishati gani kuu mnayotumia kupikia?" Kuu. Mama anafikiria kidogo, anaangalia ule mtungi mdogo wa kilo sita pale kona, anasema gesi. Nabonyeza gesi. Naenda swali linalofuata. Na nyuma ya mlango kuna kiroba cha mkaa, na jiko la mkaa liko uani bado la moto, kwasababu chai na mayai ya mtoto wa shule anapikia gesi, ila maharage, makande, kongoro, maji ya kuoga ya mgonjwa, vyote mkaa. Hajanidanganya. Nimemuuliza kuu, amenijibu kuu. Kwenye chati ile nyumba imehama, rangi imebadilika kutoka nyeusi kwenda bluu, na mkaa unaoingia mle ndani kwa wiki umepungua labda robo labda haujapungua kabisa.

Na kwanini hahami kabisa? Mama zangu humu mnajua kuliko ripoti yoyote. Kujaza mtungi kunataka hela nzima kwa mara moja, elfu ishirini na kitu, wakati yeye hela yake inaingia kwa siku, leo elfu saba kesho elfu nne, na mkaa unauzwa kwa kopo. Unapima unachoweza. Gesi ikiisha katikati ya mwezi inakaa pale kona mtungi mtupu mpaka mwezi mwingine, na mimi nikija siku hiyo na kishikwambi bado nitaambiwa gesi. Zile gesi za mita, za kulipia kidogo kidogo kwa simu, zinagusa hasa hapo penye shida, na natamani ziongelewe kuliko kugawa mitungi kwenye mikutano ya hadhara, maana mtungi uliogawiwa unahesabiwa siku ya kugawiwa na hakuna anayerudi kuhesabu mara ngapi ulijazwa.

Mnaona tunakokwenda. Mapafu ya yule mama hayajali nishati kuu ni ipi, yanajali alivuta moshi saa ngapi jana. Na msitu haujali chati, unajali magunia. Kuna watafiti walifuatilia misitu inayozunguka Dar kati ya 1991 na 2005, waliona ukataji wa mkaa na mbao unasogea kutoka mjini kuelekea nje kama wimbi, mpaka kilomita 120 ndani ya miaka 14, yaani kama kilomita 9 kila mwaka. Mti mkubwa wa mbao unakwisha kwanza, halafu wa kati, halafu unabaki mti wa mkaa, halafu vichaka. Sisi tuliokuwa tunakula maharage yetu hapa Buguruni ndo tulikuwa tunalisukuma, na tulikuwa hatuoni kwasababu kopo la mkaa lilikuwa bado lipo dukani. Sensa ya 2022 inasema Dar tuna watu 5,383,728, mwaka 2012 tulikuwa 4,364,541. Milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi. Hata asilimia ya wanaotumia mkaa ikishuka, jumla ya magunia inaweza kupanda, na asilimia ndo inayowekwa kwenye tangazo.

Kwa hiyo sisi watu wa takwimu tunatakiwa kubadili swali. Tuulize wiki iliyopita mlinunua mkaa wa shilingi ngapi, gesi mlijaza lini mara ya mwisho. Ni maswali mawili tu, mama anajibu bila kufikiria kwasababu hiyo hela inamuuma. Nimelisema hili kazini na nitaendelea kulisema.

Umeme nao vivyo hivyo, nipite haraka. Nchi yetu ina vijiji 12,318 na umeme umefika karibu vyote, ni kazi kubwa sana na waliovuta zile nyaya porini wanastahili heshima. Ila kijiji kufikiwa ni laini kufika pale shuleni au zahanati, nyumba ya bibi iliyo mbali na nguzo bado ina kibatari. Januari 2025 wakuu wa nchi walikutana hapa hapa Dar kwenye mkutano wa nishati, lengo Waafrika milioni 300 wapate umeme ifikapo 2030. Mtakaposikia wamebaki wangapi, ulizeni wanahesabu vijiji au wanahesabu nyumba.

Halafu kuna wastani. Dunia nzima ukigawa hewa ya ukaa, kila mtu anapata kama tani 4.7 kwa mwaka. Mmarekani ni kama 14. Mtanzania hafiki hata nusu tani. Ukisikia kwamba wastani wa mtu mmoja duniani umeacha kupanda, hiyo ni habari njema kwa wale waliokuwa juu, Uingereza imepunguza karibu nusu tangu 1990 na uchumi wake umekua, na hata ukihesabu bidhaa wanazoagiza kutoka nje bado wamepungua kweli japo kidogo zaidi. Nawapongeza. Ila sisi hatuna cha kupunguza, tuna cha kuongeza, umeme, friji za chanjo, treni, na swali letu ni tutaongeza bila kupita njia yao? Treni ya umeme ilianza Dar mpaka Morogoro Juni 2024, na Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina megawati 2,115. Hapo nina matumaini, kweli kabisa.

Lakini hata hapo siwezi kuwaficha chura wa Kihansi. Kule Udzungwa, kwenye maporomoko ya Kihansi, kulikuwa na chura mdogo wa manjano aliyekuwa anaishi kwenye ukungu wa yale maji tu, hakuna pengine duniani, aligunduliwa 1996. Bwawa la umeme la megawati 180 likachukua sehemu kubwa ya maji, ukungu ukakauka, ukaja na ugonjwa, na mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini. Waliobaki walikuwa kwenye vioo huko Marekani. Walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 2010, na 2012 wakaachiwa tena Kihansi kukiwa na mabomba ya kunyunyizia ukungu. Kwenye chati ya nishati safi lile bwawa ni mstari mzuri tu unaopanda na ni kweli umeme wake ni safi. Chura hayumo kwenye chati hiyo. Inabidi mtu awe na chati ya pili na aiweke mezani siku ile ile wanapoamua.

Na kuna mistari haijageuka bado, lazima niiseme vijana msije mkasema dada alitupa sukari tu. Kule Mauna Loa, Hawaii, wanapima hewa ya ukaa angani tangu 1958. Ilikuwa sehemu kama 315 kwa milioni, sasa imepita 420. Mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza kwa mwaka mzima wa kalenda joto la dunia kupita nyuzi 1.5 juu ya enzi za kabla ya viwanda. Watu wanachanganya hapa, wanasikia kasi ya kuongeza moshi inapungua wanadhani hali inapoa. Chukua simtenki la pale nyumbani, bomba linamwaga maji ndani, ukilipunguza bomba nusu tanki bado linajaa, linajaa taratibu zaidi tu, na sisi tunaoishi chini yake tutalowa. Mpaka bomba lifungwe. Barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa asilimia kama 85 kati ya 1912 na 2007, na hakuna grafu ya paneli za sola itakayoirudisha kwenye uhai wetu.

Lakini hata hili nalo lina upande wake. Kabla ya makubaliano ya Paris 2015 makadirio yalikuwa yanaelekea karibu nyuzi 4 mwishoni mwa karne, siku hizi kwa sera zilizopo yanasema kama 3 au chini kidogo. Nyuzi 3 ni janga. Na ni tofauti kubwa sana na 4, tofauti ya mamilioni ya watu, na hiyo tofauti wameileta watu waliosaini na kulipa na kubana. Ukikata tamaa unaitupa hiyo.

Sasa maji. Nimeacha mwisho kwasababu wengi humu mnatoka Vingunguti, Kigogo, Jangwani, Tandale, na mnajua.

Dar ilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya 2018 kwa ajili ya mwendokasi, iliishinda miji mikubwa, na ni tuzo tuliyostahili, watu wa Kimara walikuwa wanakaa saa nzima na zaidi barabarani. Na kipindi hicho hicho karakana ya hayo hayo mabasi pale Jangwani ilikuwa inajaa maji kila mvua kubwa. Zote ni za kweli. Ya tuzo ilipimwa, dakika zilizookolewa, abiria kwa siku. Ya maji tunaikumbuka kwa picha za kwenye simu.

Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 hapa mjini, wengine wakahamishiwa Mabwepande na baadhi wakarudi bondeni kwasababu riziki iko huku. Mvua za 2023 kwenda 2024 Waziri Mkuu aliliambia Bunge Aprili kwamba nchi nzima wamekufa 155 na walioathirika ni zaidi ya laki mbili. Vifo vinahesabiwa, na kwenye lile jedwali la dunia nililolisifia mwanzo 155 ni namba ndogo, mstari bado unashuka. Sasa godoro la mama mpangaji wa Kigogo lipo kwenye mstari gani? Mtoto aliyekosa shule kwasababu madaftari yalielea, kodi ya miezi sita iliyolipwa kwenye chumba ambacho hakikaliki, cherehani, choo kilichofurika wiki moja kabla ya kipindupindu. Tumefanikiwa watu wasife, alhamdulillah, na wale wale waliopona wanafilisika kila masika, na hilo halina grafu kwasababu hakuna aliyetumwa kulipima. Mtu wa mradi akija na chati yake anasema hali imeboreka, na wewe huna karatasi ya kumjibu. Una hasira tu.

Hapo ndo nataka tuwe tofauti. Mwaka 2015 ulianza mradi unaitwa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Ardhi pamoja na wakazi walitembea kata kwa kata wanachora mifereji, vivuko, nyumba, na wakawauliza wenyeji maji yalifika wapi. Wazee walionyesha ukutani kwa mkono, hapa, mwaka ule. Zile ramani zikaingia kwenye mipango ya jiji. Ile ilikuwa takwimu iliyotoka kwenu, na ilisikilizwa kwasababu ilikuwa na namba na mahali. Sasa hivi kuna mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200, na watakuwa wanapima maendeleo kwa vipimo vyao. Mimi nataka tuwe na vya kwetu pembeni.

Ninachoomba ni hiki. Kila mtaa wa bondeni, kwenye kuta za jengo la ofisi, shule, msikiti, kanisa, na nyumba ambazo wenyewe wameridhia, tupige mstari wa rangi pale maji yalipofika mvua iliyopita, na tarehe pembeni. Pili, daftari moja kwa mtendaji, maji yakiingia anaandika tarehe, nyumba ngapi, yalikaa siku ngapi, watoto wangapi hawakwenda shule, vitu gani vimeharibika na thamani yake. Msiandike "hasara kubwa", andikeni godoro, andikeni elfu themanini. Na mwaka maji yasipoingia andikeni pia, hayakuingia, tarehe hii mpaka hii, kwasababu mfereji ukijengwa ukafanya kazi nataka tuwe wa kwanza kusema umefanya kazi. Kule Tandale kingo za Mto Ng'ombe zilijengwa kwa zege na ningependa sana kuona daftari la Tandale la kabla na la baada.

Mwenyekiti mmoja ameniuliza hapa kabla hatujaanza, nani ataliangalia hilo daftari. Mwaka wa kwanza labda hakuna. Mwaka wa tatu nitakuja nalo mimi kwenye kikao cha wataalamu nikiwa na chati tatu, nne, nilizozichora kutoka humo, na nitawaomba nyie wenyewe mje mkae mbele mzielezee. Masika yanaanza Machi, rangi tumeshapata, vijana wa Vingunguti wamesema wataanza na shule. Karibuni maswali, na mama zangu naomba muanze nyie, msisubiri mpaka vijana wamalize.